Mtungi Aliopewa Kongoni

Menyeni, menyeni, mikono isisimame. Visu vina kazi yake na masikio yana kazi yake. Na wewe Hidaya, nimekuona! Toa huo muhogo mdomoni. Tema! Haya, sukutua.

"Aa, bibi, nilionja tu."

Ulionja tu! Huu si muhogo wa kutafuna, mwanangu. Huu ni muhogo mchungu. Mpaka umenywe, ulowekwe, uvunde, kisha uanikwe ukauke, ndipo uutwange ule ugali wake. Basi sogeeni. Leo nitawapa kisa cha mihogo hii hii, na nawaambia mapema, mwanzo wake unachekesha na mwisho wake hauchekeshi. Atakayelia asiende kwa mama yake akasema bibi kamliza.

Hapo zamani za kale, waliokuwepo wamekwisha sahau na sisi hata kufikiriwa hatujafikiriwa, palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Yule kama panya mwenye pua ndefu, ukimwona kichakani, vipu! umegeuka hayupo. Alikuwa mjane. Mumewe alinyakuliwa na ndege kozi mchana kweupe, akamwachia watoto wawili, Kidawa na mdogo wake Faki, na shamba la mihogo michungu.

Mwaka huo jua liliwaka bila haya. Mtama ukafa, kunde zikafa, mto ukawa njia ya mchanga. Shamba la Sange peke yake lilibaki kijani, maana muhogo mchungu haujali jua, na hata ngedere wanauogopa. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mwamba, palikuwa na kijichemchemi kinachodondosha maji: to! to! to! Kutwa nzima maji yake hayajazi hata mtungi.

Na mlangoni pake Sange aliweka mitungi miwili. Mmoja wa maji ya kunywa. Mmoja wa kulowekea mihogo. Ule wa kulowekea maji yake hayanywewi, kwa sababu uchungu wote wa mihogo unahamia mle. Ishikeni mitungi hiyo, tutaihitaji.

Njaa ilipozidi, wanyama wakakaa kikao. Kongoni, yule mwenye uso mrefu wa huzuni, akasimama.

"Jamani, mimi naondoka. Nitapita uwanda wa simba, nikatafute kule mvua ilikonyesha."

"Wewe huogopi?" Sange akamuuliza.

"Naogopa sana. Hata sasa magoti yanagongana, sikilizeni. Lakini tukikaa hapa tutakwisha wote. Nikiyaona maji nitarudi niwaambie."

Kikao kizima kikaangua kicheko.

"Papara hiyo!" akasema Kifaru.

"Kiburi tu," akasema Nyati. "Anajiona nani huyo?"

"Hajui lolote, anajitia kujua," akasema Ngiri.

Sange naye akacheka, tena alicheka mpaka pua ikatikisika. Kongoni akageuka, akaenda zake, magoti yakigongana vile vile.

Sasa, majani yalipokwisha kabisa, macho ya wakubwa yakageukia wapi? Kwa mjane! Ndivyo ilivyo siku zote. Sange akalia peke yake jikoni. Alijua shamba likiliwa, watoto wake hawataiona mvua ijayo. Na yeye mwili wake wote hauzidi sikio la Kifaru. Atamzuia nani?

Wa kwanza kuja alikuwa Kifaru. Hakubisha hodi. Alipita na ua wa nyumba puani, kwacha kwacha!

"Nina njaa! Mihogo iko wapi? Sema upesi!"

"Karibu, Bwana Kifaru. Mihogo ipo. Iliyokauka iko juu ya uchanja, mibichi iko shambani, nawe kama unataka kula salama, ule ile..."

Tifu! Kifaru hayupo. Limebaki vumbi.

"...iliyokauka," Sange akaumalizia mkia wake uliokuwa ukiishia shambani, "maana mibichi ni sumu."

Huko shambani zikasikika ng'oa, tafuna, ng'oa, tafuna. Halafu kimya. Halafu sauti ya Kifaru, ndogo kuliko alivyokuja nayo:

"Sange! Mbona dunia inainama?"

"Dunia haijainama, bwana. Ni wewe."

Puu! Akaanguka. Akatapika mpaka akasahau jina lake. Alipopata nguvu akaondoka akipepesuka, akijigonga kwenye miti na kuiomba radhi mmoja mmoja.

Mnacheka? Chekeni sasa hivi, wakati upo.

Akaja Nyati. Huyu alipiga hodi, akangoja akaribishwe, akaketi. Alitaka aonekane anavyoketi.

"Nimesikia una mihogo iliyomwangusha Kifaru."

"Ni kweli, bwana mkubwa. Ni sumu. Mimi mwenyewe siili mpaka niiloweke. Nakusihi, usiile."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimekusikia neno kwa neno. Sasa na wewe nisikie. Hiyo sumu inanijua mimi ni nani?"

"Sumu haimjui mtu, bwana mkubwa. Angalau nikupe makopa, haya hapa, yamekauka..."

"Makopa! Chakula cha vibogoyo! Nionyeshe iliyomshinda Kifaru, nataka hiyo hiyo."

Akaingia shambani kwa hatua za harusi. Akala mstari, akala na wa pili. Miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka.

"Bwana Nyati, unaumwa?"

"Siumwi!"

"Mbona umekaa?"

"Nimeamua kukaa!"

"Na sasa mbona umelala?"

"Nimelala... kwa... hiari yangu!"

Ngiri ndiye aliyefuata, na huyo kwa ujuaji hana mfano. Alikuja akitikisa kichwa. "Wajinga wale! Mimi nimezaliwa na jembe mdomoni, nishindwe na mizizi? Sumu iko kwenye ganda. Ukimenya imekwisha."

"Ganda peke yake halitoshi, Bwana Ngiri. Ni lazima..."

"Unanifundisha mimi?"

Akamenya. Alimenya vizuri, kweli, tena kwa ufundi kuliko nyie hapa. Akala, na ujuzi wake ukamlaza kifudifudi.

Hawakufa hao. Wana miili mikubwa, na kila mmoja alikuwa na majani makavu tumboni ya kuzuia zuia. Lakini hakuna aliyerudi, na habari ikaenea kwamba kwa Sange hakupitiki.

Siku hiyo Kidawa alicheka. Tangu baba yake achukuliwe alikuwa hajacheka, na Sange aliposikia kicheko kile akahisi kichwa kimekuwa kikubwa.

"Mama, ulijuaje cha kumwambia kila mmoja?"

"Sikuwadanganya hata mmoja, mwanangu. Niliwaambia kweli tupu. Mwenye papara ukimwambia kweli, hangoji mwisho wake. Kwa hiyo mimi nikaliweka neno la maana mwishoni. Mwenye kiburi anangoja, anasikia yote, ila anaona wanaambiwa wengine. Na yule mjuaji alikuwa na jibu kabla hajasikia swali. Wote watatu ukiwatazama kwa mbali utasema ni ugonjwa mmoja, maana wote wanaivamia mihogo na wote wanaanguka puu. Lakini dawa yao si moja. Mimi nikimwona mtu anavyokuja tu, nimekwisha mjua."

"Na shujaa, mama? Yeye anakujaje?"

Sange akacheka. "Shujaa! Mwaka wa njaa? Sijawahi kumwona."

Hayo maneno, wajukuu zangu, afadhali angeyameza.

Jua likazidi. Kijichemchemi kikapunguza mwendo. Pakawa na to! kisha unangoja, unangoja, ndipo to! nyingine. Faki akashikwa na homa, midomo ikapasuka. Mtungi wa kunywa ukabaki na maji ya kufunika kitako tu, na Sange aliyaweka yale kwa ajili ya Faki, amwekee ulimini tone kwa tone. Mwenyewe alikuwa akilamba mawe.

Ndipo Kidawa akaita, "Mama! Mwingine anakuja!"

Sange akatoka. Akaliona vumbi. Ndani ya vumbi kuna mtu anakimbia kama aliyefungwa moto mkiani. Hapiti njiani, anakatiza kwenye miiba. Anaanguka, anainuka, anakimbia tena. Alipokaribia wakamtambua kwa uso wake mrefu. Ni Kongoni, paja limechanwa na kucha, damu imegandia vumbi.

"Mama Kidawa!" alipiga kelele toka mbali. "Fungasheni! Tokeni upesi! Acheni kila kitu!"

Sange akajisemea moyoni: Acheni kila kitu? Ili nani akile? Ahaa, huyu anataka tutoke, shamba libaki lake. Mtu anayekimbia hivi juu ya miiba ana nini kama si papara?

Kongoni akafika, akasimama mbele ya mlango, mbavu zinapanda na kushuka.

"Mvua imenyesha. Nimeiona. Majani, maji, kila kitu. Simba wameshika njia ile kubwa, ila nimepata kipenyo. Nikasema nirudi. Nitawabeba watoto mgongoni. Ila..." Sauti ikamkatika. Akajaribu tena. "Koo. Siwezi kusema. Nipe maji kwanza, niwaeleze njia."

Kidawa akamtazama mama yake. Mama yake akaitazama mitungi.

Kongoni naye akaitazama. Alikuwa na kiu ya mbio za uwanda mzima, tumboni hamna kitu, na maji yako mbele ya pua yake. Hakuyarukia.

"Dada," akasema polepole, "upi ndio wa kunywa?"

Sange akamfikiria Faki kule ndani. Akayafikiria yale maji kidogo. Akalifikiria shamba.

"Huu hapa," akasema, na akaonyesha mtungi wa kulowekea mihogo.

Kongoni akainama, akanusa. "Unanuka."

"Mtungi mpya huo."

"Hauna neno?"

"Hauna neno, kaka. Kunywa."

"Ahsante, dada. Mungu akulipe."

Gu! gu! gu! gu! Aliunywa wote mpaka ukalia.

Sange akajiegemeza mlangoni, akingoja aone huyu naye ataangukaje. Na Kongoni akafungua mdomo aeleze njia.

"Ukitoka hapa, usifuate mto. Shika... shika kushoto mwa..."

Ulimi ukamwia mzito. Akashangaa. Akajaribu kuinua mguu aonyeshe upande, mguu ukakataa. Akamtazama Sange, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayeomba asaidiwe kukumbuka. Kisha akapiga magoti, akalala chini taratibu. Yeye hakuanguka puu. Tumbo lake lilikuwa tupu, hapakuwa na kitu cha kuzuia. Hakuinuka tena.

"Mama," akasema Kidawa, "njoo uone kwato zake."

Sange akaenda, akainama. Katikati ya kwato za Kongoni mlikuwa na tope. Tope bichi, jeusi, ndani limejaa unyevu. Na katika tope lile limekwama jani moja la kijani.

Nani kati yenu alishasikia Sange akilia? Hakuna. Basi siku ile alilia, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Nimeua! Jamani nimeua! Nimemuua aliyekuja kutuchukua!"

Kidawa hakulia. Alikuwa amekaa karibu na kile kichwa kirefu, anafukuza nzi.

"Mama, huyu aliuliza."

"Nyamaza, mwanangu."

"Aliuliza upi wa kunywa. Ulipomjibu akauliza tena. Wale wengine hawakuuliza. Na wale wengine wote uliwaambia kweli, wakajiangusha wenyewe. Huyu ili aanguke ilibidi umwambie uongo."

"Nyamaza nakwambia!"

"Na alisema siku ile kwamba anaogopa. Wewe ulicheka."

Sange akaziba masikio. Kuziba masikio kuna faida gani? Maneno yalikuwa yamekwisha ingia.

Wakajaribu kufuata nyayo zake, Sange mbele na Faki mgongoni, Kidawa nyuma. Nyayo zilikuwepo kwenye miiba, zikawepo kwenye kokoto kidogo. Walipofika kwenye mchanga, upepo ulikuwa umepita kabla yao. Mchanga umelala laini, hauna alama hata ya sisimizi. Kushoto mwa nini? Mwa kilima? Mwa mto? Mwa ule mti mkavu? Na mbele simba wananguruma. Wakarudi nyumbani.

Wakakuta kijichemchemi kimenyamaza.

Hapo sasa sikilizeni. Shamba limejaa mihogo, minono, ukifukua kidogo tu inachungulia. Chakula cha kulisha kijiji. Na maji ni unyevu wa kulamba mwambani tu, hakuna hata kata moja ya kuilowekea. Makopa yaliyokuwa uchanjani walikula, yakaisha. Kutwa Sange akawa anakaa mpakani mwa shamba lake mwenyewe na fimbo, anawafukuza watoto wake wasiikaribie mihogo. Aliyekuwa akiwafukuza Kifaru na Nyati kwa maneno, leo anawafukuza wanawe kwa fimbo.

"Mama, nina njaa," Faki anasema.

"Ngoja, baba. Mvua itanyesha."

"Lini?"

Atamjibu nini? Aliyekuwa analo jibu amelala pale mlangoni, na mama ndiye aliyemlaza.

Mtu hawezi kukaa macho siku zote. Jua la adhuhuri likampiga, Sange akasinzia, fimbo ikamtoka mkononi. Alipozindukana Faki hayupo. Akakimbia shambani, vipu! vipu! kwa ile mbio yake aliyosifiwa nayo. Akamkuta amekaa kwenye tuta, miguu ameinyoosha, muhogo mbichi mkononi umeng'atwa kidogo tu ncha.

"Faki! Umekula?"

Faki akatabasamu, macho yamekwisha anza kuzunguka.

"Nilionja tu, mama."

Na mwili wa Sange mtoto una ukubwa gani? Ni mdogo kuliko hicho kisu chako, Hidaya.

Wakamzika kule mlangoni, ubavuni mwa Kongoni. Sange ndiye aliyetaka iwe hivyo. "Aliahidi kumbeba mgongoni," akasema.

Mvua ilikuja. Mvua huja tu, haina haya. Ilinyesha pa! pa! pa! juu ya shamba, ikajaza mitungi yote miwili ikafurika. Kidawa akaloweka mihogo, akaianika, akaitwanga, akasonga ugali, akamwekea mama yake. Mama yake hakuugusa. Alikuwa amekaa mlangoni, anautazama ule mtungi.

Haya. Mbona visu vimesimama? Hidaya, futa machozi, nilikwambia usiseme bibi kakuliza. Lete huo muhogo uliokuwa unautafuna, utie kwenye maji na wenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na neno lake ni moja: anayeuliza kabla ya kunywa hana papara, mwenye papara ni aliyemjibu kabla ya kumtazama.